Maji ya Chemchem na Walioyaleta Mjini

Katika ua wa nyumba tuliyolelewa, ndani ya mtaa mmoja wa Mji Mkongwe wa Unguja, palikuwapo kisima ambacho mdomo wake wa jiwe la matumbawe ulikuwa umelika kwa kamba, na mimi, katika utoto wangu wa kukosa kazi, niliihesabu mara nyingi mifuo ile ya kamba nikaipata kumi na minne, mingine ya kina cha ukucha tu na mingine ya kutosha kuingia ngumi ya mtoto. Bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuruhusu mtu anywe maji ya kisima kile. Yalikuwa ya kuoshea vyombo, kufulia na kutawadhia, na ukiyatia mdomoni ulimi uliona munyu. Ya kunywa yalikingwa mferejini, yakatiwa katika mtungi uliokwisha kufukizwa ubani, ukafunikwa kawa, na bibi akayaita mpaka kufa kwake “maji ya Chemchem”, ingawa wakati huo yalikwisha kuchanganyika na maji ya vianzio vingine na ya visima vya mashine.

Msomaji wa bara naomba aniwie radhi kwa neno mfereji, maana kwake yeye mfereji ni mtaro wa kupitishia maji, na kile tunachokifungua kwa mkono ni bomba. Sisi Waunguja koki yenyewe tumeiita mfereji, na nadhani jina hilo limebaki vinywani kuwa kumbukumbu ya kazi ya mtu mmoja ambaye nitamfikia baada ya kitambo.

Mji wenyewe ulijengwa mahali ambapo mtu mwenye kujali maji asingepachagua. Ni rasi ya mchanga na matumbawe, bahari imeizunguka pande tatu na upande wa nne lilikuwapo hori, hata maji ya bamvua yalipojaa ikakaribia kuwa kisiwa. Chini ya ardhi ya namna hii maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, na mwenye kuchota kwa pupa huyavuta ya chini yakapanda. Mabaharia walilijua jambo hili, kwani merikebu hazikujaza mapipa yao mjini. Zilikwenda Mtoni, kiasi cha maili 3 upande wa kaskazini, ambako kijito kilishuka mpaka pwani na maji yake hayakuwa na shaka. Ndiko Seyyid Said bin Sultan alikojenga kasri yake, na binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844, ameyaeleza mahamamu ya pale katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapwa Ujerumani mwaka 1886, akiyataja kwa hamu ya mtu aliyeyakosa makoga hayo katika nchi ya baridi. Mjini, maili 3 tu kutoka hapo, hali ilikuwa nyingine kabisa: pwani ilikuwa ndiyo jaa na ndiyo choo cha fakiri, na David Livingstone, alipopita mwaka 1866 akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho, uvundo ulimkera hata akaugeuza kwa mzaha mwanzo wa jina la Zanzibar kuwa neno la Kiingereza la kunuka.

Mji huo haukuwa na baladia wala idara ya maji. Aliyekuwa na mali alichimba kisima ndani ya nyumba yake, na aliyekuwa na mali pamoja na khofu ya Mungu alikichimba kingine kando ya msikiti akakifanya wakfu. Kila mtoto wa chuoni ameisikia habari ya kisima cha Ruma cha Madina, ambacho mwenyewe aliwauzia watu maji yake mpaka Sayyidna Uthman bin Affan alipokinunua akakitoa sabili kwa tajiri na maskini. Na habari hiyo, ambayo kwa kawaida husimuliwa kuonyesha ukarimu wa Sayyidna Uthman, mimi huiona pia kuwa ndiyo kesi ya kwanza tuliyofundishwa juu ya maji ya mtu binafsi na maji ya umma, na jinsi ya kuyahamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine bila ya kumdhulumu mwenye mali.

Lakini wakfu haukuwa sadaka ya siku moja. Hati iliyoandikwa vizuri, mbele ya kadhi na mashahidi, haikukitaja kisima peke yake. Ilitaja na minazi kadhaa mahali fulani, au duka, au nyumba ya kupangisha, ambayo pato lake lilitengwa kununua kamba na ndoo, kumlipa mtu wa kushuka kuzoa tope, kutia chokaa na kuziba nyufa. Tena ikamtaja mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, kwa jina lake na la baba yake, na nani atakayeshika baada yake akifa. Nimepata kuiona moja ya namna hiyo katika sanduku la jamaa yetu mmoja, karatasi ya rangi ya chai, na kilichonishangaza ni kwamba mistari inayohusu kisima ni miwili, ilhali mistari inayohusu minazi, mipaka yake, idadi yake na mgawanyo wa nazi zake ni kumi na mitano. Mtoaji alijua kwamba kuchimba ni kazi ya wiki mbili na kutunza ni kazi ya umri. Hili la matunzo ndilo nililolikusudia tangu nilipoishika kalamu, na mengine yote ninayoyaeleza hapa yanalizunguka hilo.

Sisemi kwamba mambo yalikuwa mema. Jiwe la matumbawe hupitisha maji kama chujio, na shimo la choo la jirani halikuwa mbali na kisima cha msikiti. Wenye kuteka na kubeba mitungi walikuwa, kwa wingi wao, watumwa, ambao hakuna hati iliyowauliza neno. Na mutawalli asiye mwaminifu alizila nazi za wakfu mpaka kumbi. Kipindupindu kilipoingia kiliudhihirisha udhaifu huo wote. Kiliingia katika miaka ya 1830, kikarudi mwishoni mwa miaka ya 1850, na tena, mwishoni mwa mwaka 1869, kilitelemka kutoka bara kwa njia ya misafara, kupitia nchi ya Wamasai mpaka Pangani, kisha kikavuka bahari. Tabibu Mskochi James Christie, aliyekuwa akikaa Unguja wakati huo, aliifuata njia hiyo hatua kwa hatua akaitungia kitabu mwaka 1876. Maiti zilizikwa kwa maelfu.

Katika mauti hayo ndimo Seyyid Barghash bin Said alimoanza utawala wake mwaka 1870, na hajatimiza miaka miwili, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kikaizamisha bandari yake na kuing'oa mikarafuu ya Unguja. Mtu mwingine angekaa kitako akalia. Barghash alikuwa amekwisha kuonja kuanguka, kwani mwaka 1859, baada ya kushindwa katika ugomvi wake na nduguye Majid, alipelekwa uhamishoni Bombay akakaa huko kiasi cha miaka miwili. Na ilikuwa katika muda huo huo, mwaka 1860, Bombay ilipokamilisha kazi ya kuyaleta mjini kwa mabomba maji ya ziwa la Vihar. Ni vigumu kuamini kwamba kijana mwenye macho kama yake, asiye na shughuli, alikosa kuyaona hayo. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza kwa mwaliko akaiona na London.

Kazi aliyoifanya ni hii: chini ya kilima cha Masingini, upande wa Bububu, ambako mvua inayozama juu ya kilima hutokeza tena kwa chini, iko chemchemi iliyo pangoni, nayo ndiyo Chemchem yenyewe; kutoka hapo aliyaleta maji mpaka mjini, mwendo wa zaidi ya maili 4, yakitiririka kwa mteremko wa ardhi tu bila ya mashine yoyote, na watu wakayapata bure. Jumba la Beit al-Ajaib alilolijenga mwaka 1883 ndilo linalopigwa picha na wageni. Mfereji haupigwi picha na mtu, lakini wazee wetu, walipomtaja Barghash, waliutanguliza mfereji.

Fedha zilikuwa za nani? Swali hili, ambalo leo tungelipeleka barazani likajadiliwa siku tatu, wakati ule lisingefahamika, kwa kuwa hapakuwa na mpaka kati ya mfuko wa dola na mfuko wa Seyyid. Pato lake kubwa lilikuwa la forodha, na forodha hakuikusanya yeye. Aliikodisha kwa tajiri wa Kihindi, nyumba ya Jairam Shivji kwa miaka mingi na baadaye Tharia Topan, ambaye alimlipa Seyyid kima kilichoafikianwa kwa mwaka na kilichozidi kikawa chake. Kwa hiyo ukitaka kuwa mkali waweza kusema kwamba mfereji wa umma wa Unguja ulijengwa kwa fedha za mkataba wa mtu binafsi. Mkataba huo ulikuwa na madhila yake, kwani mara nyingi Seyyid ndiye aliyekuwa mdeni na mkodishwa ndiye aliyekuwa mdai, na mwenye kumdai mfalme huwa ni nusu ya mfalme. Lakini mkodishwa alikaa mji ule ule, akanywa maji yale yale, na wanawe walizaliwa mtaani. Tharia Topan mwaka 1887 aliweka jiwe la msingi la hospitali ya maskini, lile jumba la baraza za mbao za kuchonga lililoelekea bandarini; alikufa mwaka 1891 halijaisha, mjane wake akaiendeleza kazi, kisha likanunuliwa na kuwekewa amana na tajiri mwingine, likawa zahanati yenye tabibu na dawa kwa zaidi ya nusu karne. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 liliachwa likaoza, na katika miaka ya 1990 taasisi ya Aga Khan ikalifufua. Nyumba moja imepita katika mikono ya tajiri, ya amana, ya serikali na ya wahisani, na ilioza katika mkono mmoja tu kati ya hiyo, ule ambao haukutengewa kodi ya kuitia chokaa.

Barghash alikufa Machi 1888, na miaka miwili baadaye Unguja ikawa chini ya himaya ya Waingereza. Mwaka 1891 Gerald Portal, balozi wao, aliutenga mfuko wa Seyyid na mfuko wa serikali, Seyyid akapangiwa posho, na hesabu ikaanza kuandikwa. Tangu siku hiyo mfereji ukawa na idara. Mwaka 1905 likapatikana na jambo la pili ambalo nadhani lina uzito kuliko linavyopewa, nalo ni kuundwa kwa Kamisheni ya Wakfu, iliyozikusanya chini ya dari moja nyakfu zisizo na mutawalli au zenye mutawalli mchafu. Nia ilikuwa njema, na wizi fulani ulikoma. Lakini mutawalli wa zamani, hata alipokuwa mwizi, ulimjua anakokaa, ukaweza kumngoja nje ya msikiti baada ya Ijumaa ukamwuliza kamba iko wapi. Karani wa Kamisheni alikuwa nyuma ya dirisha, na nazi za kisima cha mtaa huu ziliingia katika daftari moja na kodi za nyumba za mtaa ule.

Mwaka huo huo wa 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney, iliyopewa ruhusa na serikali, ilikuwa ikiendesha gari la moshi kutoka Ngomeni mpaka Bububu, mwendo wa maili 7, na pamoja na hilo ikaleta taa za umeme. Reli ilipita katika vichochoro vyembamba mno, hata watu walilazimika kujibandika ukutani na wenye nyumba kufunga madirisha wasiingiwe na cheche. (Watu husema kwamba Bububu imepata jina lake kwa mlio wa gari hilo. Ni hadithi tamu, ila Sayyida Salme aliitaja Bububu katika kitabu chake miaka 19 kabla ya gari kuja. Nami naona wenye haki zaidi ni wale wasemao kwamba ni mlio wa maji yakitoka ardhini.) Mwaka 1911 serikali iliinunua reli pamoja na umeme, na katika miaka ya 1920 barabara ya lami na motokaa zikaliua gari la moshi. Faida ilipokuwapo ilikuwa ya kampuni, na hasara ilipokuja ikawa imekwisha kuhamia kwa walipa kodi. Sijui kama kulikuwa na hila, au ni tabia tu ya mambo haya.

Ng'ambo ya hori, walikokaa watu wengi kuliko waliokaa ndani ya majumba ya mawe, maji yalichelewa kufika na yalipofika yalifika kwa mifereji michache ya barabarani, yenye safu ya madebe tangu alfajiri. Hao ndio waliosimama mwaka 1928 wakakataa kulipa kodi ya ardhi, ambayo wenye ardhi, na nyakfu zikiwemo, waliidai kwa watu waliojijengea vibanda vyao wenyewe. Mgomo ule huandikwa kuwa ni wa kodi, na kweli ni wa kodi; lakini mtu anayelipia ardhi isiyopata maji wala mtaro wa kutolea maji machafu ana haki ya kuuliza analipia nini.

Baada ya mapinduzi maji yalikuwa bure kwa watu wote, na wakati ule hakuna aliyeliona hilo kuwa ni hatari. Seyyid alitoa bure, iweje Jamhuri iuze? Ila Seyyid alikuwa akiyapa maji mji mmoja mdogo kutoka katika chemchemi isiyohitaji mafuta wala umeme, na sisi tulikuwa tukiongezeka kila mwaka, mabomba yakizeeka chini ya ardhi na pampu zikidai umeme wa kununua. Juu ya kilima cha Masingini msitu ulihifadhiwa, na huo ndio uhifadhi wenye akili kuliko wote uliofanywa katika habari hii, kwa sababu mti wa juu ndio unaoyashika maji ya chini. Lakini pembezoni mwake nyumba zilipanda, na kila nyumba ilikuja na shimo lake la choo. Sheria ya mwaka 2006 ikaunda Mamlaka ya Maji, ZAWA, na ada ikaanza kudaiwa. Watu walinung'unika, na miongoni mwao alikuwa mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akimlipa mchukuzi wa mkokoteni kila siku bila ya kunung'unika hata kidogo.

Kule ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam, walijaribu njia ambayo kwa sura yake ilifanana na forodha ya Barghash. Mji ule hunywa mto Ruvu, na mabomba yake yalikuwa yakivuja zaidi ya yalivyofikisha. Benki ya Dunia na wenziwe wakaahidi mikopo ya zaidi ya dola milioni 100, kwa sharti kwamba uendeshaji upewe kampuni binafsi. Zabuni ilipofunguliwa alionekana mzabuni mmoja tu. Agosti 2003 City Water, ushirika wa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na kampuni moja ya Kitanzania, ikashika kazi kwa mkataba wa miaka 10, huku mitambo na mabomba yakibaki kuwa mali ya DAWASA, mamlaka ya maji ya mji huo. Mei 2005 serikali iliuvunja mkataba ikidai kwamba kampuni haikukusanya wala kulipa kama ilivyoahidi, na mwanzoni mwa Juni wakubwa 3 wa kampuni wakatiwa katika ndege. Mashauri yalikwenda ng'ambo: mwaka 2008 mahakama ya usuluhishi ya London iliamuru DAWASA ilipwe, na mahakama ya Benki ya Dunia ikasema kwamba Tanzania iliuvunja mkataba wa kimataifa wa kulinda mitaji ya wageni lakini kampuni haikustahiki fidia hata senti moja. Wanasheria wameyaandika hayo kwa wino mwingi. Mimi nimeyasoma nikikumbuka kwamba Tharia Topan alikodishwa forodha akawa na jina la kuogopa litukanwe mtaani, na wale waliokodishwa maji ya Dar es Salaam walikuwa na tiketi ya kurudi. Na upande wa pili, kwamba serikali iliyomkodisha mtu mabomba yaliyotoboka, kisha ikamhukumu kwa maji yaliyomwagika, nayo haikuwa imeandika mistari yake kumi na mitano ya minazi.

Siku ya Krismasi ya mwaka 2020 upande mmoja wa Beit al-Ajaib ulianguka, katikati ya matengenezo, ukaua watu 2. Nilikwenda kuutazama kama walivyokwenda wengine, kisha nikarudi kwa njia ya mtaani kwetu, ambako nyumba ya utoto wangu sasa ni ya kulaza wageni na kisima kimefunikwa kioo, kimewekewa taa ndani, mifuo ya kamba ikionekana vizuri kuliko zamani.

Nje, pembeni ya msikiti, mtu mmoja mwenye kheri alikuwa amechimbisha kisima cha pampu, akainua tangi jeusi la plastiki juu ya nguzo, na chini yake koki 4 na kibao cha marumaru kilichoandikwa jina la mama yake na ombi la kumrehemu. Ndoo zilikuwa zimepangwa safu na koki zilikuwa kavu. Kijana aliyekaa juu ya dumu lake aliniamkia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Maji yamekwenda wapi?”

“Pampu imeungua tangu juzi.”

“Na aliyeiweka?”

“Yupo Maskati. Tumempelekea salamu kwa simu.”

Nikamwuliza nani mutawalli. Alinitazama kama aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni, akacheka kwa adabu, kisha akanyanyuka kwa sababu mkokoteni wa maji ya kuuza ulikuwa umeingia kichochoroni.